Baba anatakiwa kubadilishiwa upinde wa aota. Mliopitia, maisha ya baada ya oparesheni yakoje?

BintiWaChumbageni

Wakuu, habari za usiku. Huwa nasoma tu humu, leo imenilazimu kuandika.

Baba yangu ana miaka 64, yupo Tanga. Ameendesha malori ya masafa tangu ujana, Tunduma, Bujumbura, mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Sigara aliiacha mwaka aliokwenda Umra. Presha anayo siku nyingi, ila dawa alikuwa anameza akisikia kichwa kizito tu. Akiamka vizuri, zinalala kabatini. Mtaani wanamjua kwa sauti, ndiye anayeadhini Alfajiri msikitini kwetu huu mwaka wa kumi na kitu.

Mwaka jana baada ya Idi Kubwa sauti ikaanza kukwama. Tukajua mafua. Ikawa ya kukwaruza, halafu ya kunong'ona. Akamaliza dozi tatu za antibayotiki za dukani, tangawizi, asali, mwarobaini. Kila aliyepita barazani alikuwa na dawa yake. Miezi minane! Daktari wa koo alipoingiza kamera akasema koo zima kabisa, ila uzi wa sauti wa kushoto umelala, hautikisiki. Akaagiza picha ya kifua. Picha ikaonyesha kivuli, tukatumwa Dar kwa kipimo cha CT. Majibu: mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, ndio huo aota, umevimba pale unapopinda, sentimita 6.4. Daktari alituchorea kwenye karatasi: mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita chini ya ule upinde, uvimbe umeukandamiza. Kumbe koo tulilisingizia.

Wanataka kuukata upinde wote wamwekee bomba la kitambaa. Tumepewa rufaa ya Chennai, India. Juzi tulikaa kikao cha familia na ba'mdogo akasema wazi, "Mtu anatembea kwa miguu yake, nyie mnampeleka akasimamishwe moyo?" Mama hasemi kitu, anafua tu, hata nguo safi anazifua. Baba mwenyewe ameuliza swali moja tu: "Nitaadhini tena?"

Mnunuzi wa kiwanja cha Pongwe ameshapatikana. Kabla sijasaini naomba kujua, watu wanarudije kutoka huko? Akili inabaki? Wanaishi miaka? Naomba waliopitia. Ya kusoma mitandaoni nimeshasoma mpaka nimeugua mimi.

Kisiki Hai

Pole sana dada. Mimi sina ujuzi, nakaa hapa pembeni nisubiri wenyewe waje.

Jani Chungu

Msikimbilie visu. Kuna unga wa mizizi mitatu unarudisha mishipa iliyotanuka ndani ya siku 40. Njoo inboksi.

Mtoro wa Darajani

Assalaam aleikum bibiye. Huyo wa mizizi mwache na mizizi yake, mshipa uliotanuka haurudi. Ingekuwa unarudi, mie nisingekuwa na mshono kutoka kooni mpaka kitovuni.

Mie Mzanzibari, nipo Maskati miaka mingi. Wangu haukungoja kupimwa. Mwaka 2019 nilikuwa dukani nashusha maboksi, ghafla maumivu baina ya mabega, kama mtu anachana kanga mpya mgongoni mwangu. Nilianguka. Ukuta wa mshipa ulichanika kwa ndani, damu ikajipenyeza baina ya tabaka na tabaka. Madaktari walimwambia mke wangu kuwa kila saa inayopita hatari inaongezeka, atie saini sasa hivi au asubiri kukafini. Akatia saini. Walinibadilisha vali ya moyo, shina la mshipa, na upinde. Saa tisa mezani.

Sasa nikwambie ambayo hukuambiwa na mtu. ICU nilikaa siku 11, na siku sita katika hizo sikuwa mimi. Niliona mbuzi darini. Niliwatukana manesi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kihindi changu cha sokoni. Mke wangu alidhani akili imekwenda moja kwa moja. Haikwenda. Ilirudi kidogo kidogo, kama umeme wa mgao. Mwezi wa pili nilikuwa bado nasahau majina ya wateja. Mwezi wa nne nilikuwa nafanya hesabu za duka mwenyewe.

Hivi leo natembea, naogelea kidogo, sibebi mizigo. Kwa sababu ya vali ya chuma nnakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila usiku na kupima damu kila mwezi. Usiku kukiwa kimya vali inasikika, tik tik tik. Mke wangu anasema amezoea, akilala kwa mamake ndio hapati usingizi.

Babako ana bahati moja ambayo mie sikuipata: anakwenda kwa miguu yake. Mwambie ba'mdogo hiyo ndiyo sababu ya kwenda, wala si ya kubaki.

Pampu ya Pili

Dada, mimi kazi yangu ni kuendesha mashine ya moyo na mapafu chumba cha upasuaji. Si daktari bingwa, ila hizi oparesheni nimezikalia vya kutosha, kwa hiyo nitajibu kwa mapana, mnivumilie.

Upinde wa aota ni mgumu kwa sababu moja tu. Juu yake kumeota matawi matatu, na hayo ndiyo yanayopeleka damu kichwani na mikononi. Moyo ukiusimamisha, mashine yangu inapampu damu mwili mzima na mgonjwa anaweza kukaa hivyo kwa masaa. Lakini ukitaka kuukata upinde wenyewe, lazima damu isimame hata pale, maana huwezi kushona bomba linalomwaga maji. Ubongo wenye joto la kawaida haukubali kukosa damu zaidi ya dakika chache.

Kwa hiyo tunampoza mtu. Mwaka 1975 Randall Griepp na wenzake kule Marekani walionyesha kwamba ukimshusha mgonjwa baridi sana, ukasimamisha damu, ukashona haraka, ukampasha tena, anaweza kuamka. Kwenye nyuzi 18 au 20 ubongo unavumilia kama nusu saa hivi, ikipita dakika 40 hatari ya kiharusi inapanda. Siku hizi wengi hawaachi kichwa kikavu kabisa. Wanaweka mrija mdogo kwenye mishipa ya shingo, nikiwa nimezima damu ya mwili mzima naendelea kupeleka kidogo kichwani tu. Ndiyo maana hawalazimiki tena kumgandisha mtu kama samaki, nyuzi 24 hadi 28 inatosha mara nyingi. Kipajini tunabandika vibandiko viwili vinavyosoma oksijeni ya ubongo kushoto na kulia, na mimi macho yangu yapo hapo muda wote.

Umeuliza wanarudije. Nitakupa namba, lakini zisome kama mtu anayesoma hali ya hewa. Kwenye hospitali zenye uzoefu, katika wagonjwa 100 waliopangiwa tarehe, wanaofariki hospitalini ni kama 5, sehemu nyingine wanafika 10. Kiharusi nacho ni kwenye 5 hivi katika 100, zaidi kidogo kwa wazee wenye mishipa iliyojaa mafuta. Aliyeletwa kwa dharura ameshachanika, kama huyu ndugu wa Maskati, vifo vinapanda mpaka 15 au 20 katika 100, na hapo hatujahesabu wanaofia njiani. Uvimbe ukivuka sentimita 6 unaingia mahali ambapo kila mwezi ni kamari. Kwa kawaida wanashauri kupasua upinde ukifika 5.5, na wenye magonjwa ya kurithi ya mishipa hata kabla ya hapo. Baba yako ana 6.4.

Wanaotoka salama na kuvuka mwaka wa kwanza, wengi wanaishi miaka mingi. Bomba lenyewe ni kitambaa cha Dacron, halichakai kama gunia. Aliyelianzisha, Michael DeBakey, alishona yake ya kwanza kwa cherehani nyumbani, na mwaka 1957 yeye na wenzake ndio waliofanikiwa kubadilisha upinde mara ya kwanza. Mwisho wa 2005 mshipa wake mwenyewe ukachanika, akiwa na miaka 97. Wanafunzi wake wakampasua, wakamwekea bomba la aina ileile, akaishi mpaka Julai 2008. Simwambii mtu kwamba baba yake ni DeBakey. Nasema kitambaa kikishonwa vizuri kinakaa.

Kinachowaangusha baadaye mara nyingi ni kipande cha mshipa kilichobaki chini. Upasuaji hauponyi ugonjwa wa mshipa, unabadilisha sehemu iliyokuwa mbovu zaidi. Ndiyo maana kuna kitu wanakiita mkonga wa tembo: mwaka 1983 Hans Borst wa Ujerumani aliacha kipande cha bomba kikining'inia ndani ya mshipa unaoshuka, ili ikihitajika oparesheni ya pili pawepo pa kushikia. Siku hizi mkonga huo una waya ndani unaojipanua wenyewe. Faida yake wakati mwingine unamaliza kazi kwa mkupuo mmoja. Hatari yake ni uti wa mgongo, wachache wanaamka miguu haina nguvu.

Kabla hujasaini, muulize daktari wa Chennai kwa simu: yeye mwenyewe, kwa mkono wake, anabadilisha upinde mzima kwa watu wangapi kwa mwaka? Ubongo ataulisha vipi, upande mmoja au zote mbili? Anategemea oparesheni moja au mbili? Akikasirika kuulizwa, tafuta mwingine. Na baba akaonane na daktari wa meno sasa hivi, jino bovu ni mlango wa bakteria kwenda kwenye bomba jipya.

Jani Chungu

Hao wanatetea ugali wao.

Pampu ya Pili

Ugali wangu nimeshakula. Moda, huyu mtu wa mizizi ashughulikiwe.

Mtu wa Eldoret

Dadangu pole. Sitaki kukuvunja moyo lakini umeuliza wanarudije, na si wote wanarudi vizuri. Mamangu alifanyiwa miaka minne iliyopita akiwa na 67. Oparesheni ilienda sawa, daktari alitoka akitabasamu. Alipoamshwa mkono wa kulia haukuamka naye. Kiharusi. Wakatueleza kwamba uchafu wa mafuta uliokuwa kwenye ukuta wa mshipa uling'oka ukaenda kichwani.

Leo anatembea na mkongojo, anaongea polepole, chai anajipikia kwa mkono mmoja. Amewaona wajukuu wawili ambao hangewaona. Lakini ndugu zangu wawili hawaongei hadi leo kwa sababu mmoja ndiye alisukuma oparesheni na mwingine hakutaka. Kwa hivyo nakuomba, kabla babako aingie ndani, kaeni nyote mkubaliane kwa sauti kwamba uamuzi ni wake mwenyewe. Msiwachie mtoto mmoja mzigo huo. Hilo hakuna daktari alituambia.

Kondakta Mstaafu

Nami niseme upande wa pili. Kaka yangu alikutwa na sentimita 7. Tulifanya vikao, tukaitisha michango, tukasema avune kwanza mpunga, tukasema Ramadhani ipite. Miezi 14. Alfajiri moja alikohoa damu, hata gari halijafika akawa amekwisha. Hatukumkatalia oparesheni. Tuliahirisha tu.

BintiWaChumbageni

Nimesoma yote mara mbili, ya Mtu wa Eldoret nimeisoma nikiwa nimefunga mlango. Ahsanteni kwa kutonidanganya.

Leo nimemwekea baba simu sikioni nikamsomea, mpaka ile ya mbuzi darini akacheka bila sauti. Halafu nikamwambia mbele ya ba'mdogo na mama: baba, sema wewe. Akaandika kwenye daftari, maana kunong'ona kunamchosha, "Nimeshusha mlima Sekenke gari haina breki. Hii nayo nitashuka." Ba'mdogo akanyanyuka akatoka nje. Baadaye akarudi na laki tatu.

Nimesaini kiwanja. Daktari wa Chennai tulimpigia, hakukasirika. Ataweka huo mkonga wenye waya, ubongo ataulisha pande zote mbili. Kuhusu sauti alisema nisimwahidi mzee chochote: ule mshipa wa fahamu umekandamizwa muda mrefu, unaweza usiamke, na wakati wa kukata unaweza kuumia zaidi.

Kisiki Hai

Mungu awatangulie. Tunasubiri mrejesho.

BintiWaChumbageni

MREJESHO. Nipo Chennai, siku ya nne baada ya oparesheni. Ilichukua saa saba na nusu. Yupo hai, miguu yote anaisogeza, mikono pia. Lakini wakuu naogopa. Hanijui. Ananiita kwa jina la utingo wake wa zamani, ananiamrisha nifunge turubai mvua inakuja. Usiku alijaribu kuchomoa mirija wakamfunga mikono kwa kitambaa laini. Figo zimechoka, wamemsafisha damu kwa mashine mara mbili. Nesi anasema kawaida, lakini anasema kawaida kwa kila kitu, hata nikilia.

Mtoro wa Darajani

Funga turubai mwanangu. Nakwambia kweli, ukimwambia "nimefunga, mzee" atatulia. Mie mke wangu alikubali kuwafukuza wale mbuzi.

Pampu ya Pili

Pole sana. Kuchanganyikiwa siku za mwanzo ni jambo tunaloliona sana, hasa kwa wazee na baada ya kupozwa na mashine muda mrefu. Kiharusi kina sura nyingine: mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea, upande mmoja wa mwili kususa. Ukiona hivyo paza sauti papo hapo, usione haya. Kama anasogeza pande zote sawasawa, hii ya turubai kwa wengi inaisha ndani ya siku hadi wiki. Saidia hivi: miwani yake avae, mchana pazia wazi, usiku taa zizimwe wakikubali, mwambie leo ni siku gani na yupo wapi, zungumza Kiswahili naye. Amezungukwa na Kitamili na Kiingereza, hata mimi ningefunga turubai.

Figo nazo kwa wengi hujirudi. Waulize mkojo unaongezeka au la, hiyo ndiyo habari.

BintiWaChumbageni

MREJESHO wa pili, siku ya tisa. Jana jioni alifumbua macho akasema kwa mnong'ono, "Kiwanja mmeuza bei gani?" Nikajua baba amerudi. Mkojo upo, mashine ya figo wameiondoa. Kachukia bei lakini kala uji.

Kinachonisumbua: kila akinywa maji anapaliwa, anakohoa mpaka anashika kifua. Na sauti ni ileile.

Pampu ya Pili

Huko kupaliwa usikupuuze. Uzi wa sauti ukiwa umelala, mlango wa njia ya hewa haufungi vizuri, maji yanateleza kwenda kwenye mapafu na nimonia inafuata. Waombe wamlete mtaalamu wa kumeza. Wakati huo huo akae wima kabisa, anywe kidogo kidogo huku kidevu kimeinamia kifuani. Vitu vizito kama uji na mtindi ni rahisi kwake kuliko maji. Anapokohoa akumbatie mto kifuani, mfupa wa kidari ndiyo kwanza umefungwa kwa waya.

Na sauti bado ina njia. Madaktari wa koo wanaweza kuuchoma ule uzi uliolala kwa sindano ya kitu cha kuujaza, ukasogea katikati ili mwenzake aufikie. Inasaidia sauti na inasaidia kumeza. Ulizia kabla hamjapanda ndege.

Mtu wa Eldoret

Shukrani kwa Mungu. Jambo lingine dadangu, akirudi nyumbani atalia. Mamangu alilia miezi mitatu, akiona kuku akichinjwa analia, akisikia taarabu analia. Hatukuelewa. Daktari mmoja akatuambia ni huzuni ya baada ya oparesheni kubwa na ina matibabu kama ugonjwa mwingine wowote. Msimwambie ajikaze.

BintiWaChumbageni

Tumerudi Tanga wiki ya sita. Naomba mnipe orodha ya masharti kwa lugha ya nyumbani, karatasi ya hospitali ina kurasa 14 za Kiingereza na wageni wameshaanza kujaa barazani na maembe.

Pampu ya Pili

Wageni wasimvute mkono kumwinua kitandani, waambie mapema. Kwa miezi mitatu asibebe kitu kizito kuliko birika la chai, asiendeshe gari mpaka daktari aseme kidari kimeunga. Kutembea ndiyo dawa: leo mpaka mlangoni, kesho mpaka dukani.

Presha ndiyo kazi yenu kubwa sasa, kuliko kidonda. Nunueni mashine ya kupimia ya mkononi, ile ya kuvaa juu ya kiwiko, ipimwe asubuhi na jioni iandikwe. Wengi wanalenga chini ya 130 kwa 80, mumfuate daktari wenu. Ile tabia ya dawa kulala kabatini imekufa. Akiacha ghafla vile vidonge vinavyopunguza mapigo, presha inaruka, na mshipa uliobaki ndio unaopokea kishindo.

Halafu lipo jambo ambalo watu wa duka la dawa hawatakuuliza. Ulisema alimeza dozi tatu za antibayotiki. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba kundi la kina siprofloksasini na levofloksasini linaweza kuongeza hatari ya mshipa mkuu kupasuka au kuchanika, na wenye uvimbe wa mshipa wasipewe isipokuwa hakuna dawa nyingine. Sisi siprofloksasini tunainunua kama pipi, ya tumbo, ya mkojo, ya "taifodi". Andika kwenye karatasi, bandika kwenye kadi yake ya kliniki.

BintiWaChumbageni

Dozi ya pili ilikuwa hiyo hiyo. Nimelikuta boksi.

Pampu ya Pili

Usijipige. Uvimbe wa 6.4 haukuota kwa wiki moja ya vidonge, ni miaka ya presha na sigara. Ila boksi litupe.

Kondakta Mstaafu

Naongeza: nyie watoto, na ndugu zake wa tumbo moja, mkapimwe. Kwetu baada ya kaka kufariki tulikwenda wanne kwa kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, mdogo wetu akakutwa wake umetanuka, 4.4. Anameza dawa, anapimwa kila mwaka. Uvimbe huu wakati mwingine unatembea kwenye ukoo bila kupiga hodi.

BintiWaChumbageni

MREJESHO wa miezi saba, nimechelewa, mnisamehe.

Baba anatembea mpaka Raskazone na kurudi, anapumzika mara mbili. Mwezi wa tatu na wa nne alilia kweli, Mtu wa Eldoret ubarikiwe, tungemwambia ajikaze. CT ya miezi sita imesoma hivi: bomba halivuji, mkonga umekaa sawa, mshipa unaoshuka chini yake una sentimita 4.1, upigwe picha tena baada ya mwaka. Tulitegemea kusikia "amepona" tukaambiwa "tunaendelea kuangalia". Tumezoea.

Sauti tulirudi Dar wakamchoma ile sindano. Kupaliwa kumeisha karibu kote. Sauti imetoka kwenye mnong'ono ikawa kama ya mtu mwenye mafua makali. Vijana wa msikitini walimfuata wakamwambia maiki itafanya kazi, yeye aseme tu. Akakataa. "Nikiadhini hivi watu watadhani spika imekufa, waje na fundi." Alfajiri anaadhini kijana mmoja aliyemfundisha mwenyewe, na mzee anakaa safu ya mbele kwenye kiti, akimsikia amevuta herufi vibaya anatikisa kichwa. Kijana anasema anamwogopa zaidi sasa kuliko alipokuwa na sauti.

Tumekwenda kupima eko sote watano, tupo salama. Ba'mdogo aligoma mpaka mama akamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Mshipa wake mzuri, lakini presha ilisoma 190 kwa 110. Hakuwa anajua. Amepewa dawa na ameniuliza kama ile mashine ya baba inaweza kutumika na watu wawili, maana yeye ni bonge na kile kitambaa kinambana mpaka kinafunguka chenyewe.

Pampu ya Pili

Mashine inatumika na wawili bila shida, kitambaa ndicho anunue chake, saizi kubwa. Kikibana, presha inasoma juu kuliko ilivyo. Kwa hiyo arudie kupima na kitambaa chake, akiwa amekaa dakika tano bila kuongea, kahawa baadaye. Ila dawa asiache akisubiri kitambaa.

Mtoro wa Darajani

Dakika tano bila kuongea, ba'mdogo huyu? Mtamfunga kitambaa cha mdomo kwanza.